Ruhusa Si Sera, na Sera Si Karatasi ya Kutundika Ukutani

Mniwie radhi kwa kimya cha wiki tatu. Huku kwetu Kapsoit mvua imekuwa ya kila alasiri, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, na kazi za watu zilikuwa zimelundikana. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo vijana wanaoanza kazi hii wameniuliza mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Ni tofauti kati ya ruhusa na sera katika kompyuta za wingu, na yanayotokea vitu hivi viwili vinapokutana.

Kwa wale ambao hawamo katika fani hii, tuanze mwanzo. Tukisema data iko "winguni", tunamaanisha iko katika tarakilishi za mtu mwingine, ndani ya jumba kubwa lenye umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza, nawe unakodi nafasi humo kama mtu anayekodi kibanda sokoni. Unalipia unachotumia. Mwenye jumba analinda jumba. Kilichomo ndani ya kibanda chako, nani anaingia, nani anatoka na nini, hilo ni juu yako. Watu wengi wakihamia winguni hudhani wamenunua na usalama pia. La hasha. Umenunua kuta na kufuli. Funguo unagawa mwenyewe.

Sasa, ruhusa ni nini na sera ni nini? Mfano mzuri tunao hapa hapa mlimani. Asubuhi nenda kituo cha kununulia majani ya chai. Utamkuta karani na mizani yake ya kielektroniki. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kupima na kuingiza kilo kwenye mashine. Mkulima hawezi kujipimia, hata kama mizani iko mbele yake na hata kama amesomea uhasibu. Hiyo ni ruhusa. Ruhusa inauliza: wewe ni nani, na unaweza kufanya nini?

Lakini pale pale kuna kanuni nyingine, ile ya majani mawili na chipukizi. Gunia likiwa na majani makuukuu yaliyokomaa, linafaa kurudishwa. Kanuni hii haimuulizi mtu jina lake. Awe mjane mwenye vichaka mia tatu, awe mwenyekiti wa kituo, gunia ndilo linalotazamwa. Hiyo ni sera. Sera inauliza: kitu hiki kiko katika hali gani, na je, hali hiyo inakubalika kwetu?

Ukishika hapo, umeshika nusu ya somo. Ruhusa inamtazama mtu. Sera inakitazama kitu. Nusu ya pili ni kwamba kila moja inaweza kusema ndiyo huku nyingine ikisema hapana, na usipojua ni ipi iliyosema hapana, utaharibu kazi.

Tuangalie kampuni zenyewe zinavyofanya. Kwa Microsoft Azure mambo haya yametengwa kabisa. Kuna mfumo mmoja wa kugawa ruhusa kwa vyeo: huyu ni mmiliki, huyu ni mchangiaji, huyu ni msomaji tu. Kisha kuna mfumo mwingine, Azure Policy, unaochunguza vitu vyenyewe vinapotengenezwa au kubadilishwa, bila kujali aliyevitengeneza ana cheo gani. Ukiwa mmiliki wa kila kitu na sera inasema seva zote ziwe Afrika Kusini, ukijaribu kufungua seva Ulaya utakataliwa kama mtoto. Ila kuna jambo ambalo watu hulisahau: sera ikiwekwa leo, vitu vilivyokuwepo jana havifutwi. Vinaandikwa tu kwamba havitimizi kanuni, na vinaendelea kufanya kazi. Ni kama lori la majani lililokwisha ondoka kituoni kabla ya kanuni mpya kutangazwa. Kwa hiyo mtu anayewasha sera na kwenda kulala akidhani nyumba yote sasa ni safi, anajidanganya.

Tena kuna aina ya sera inayojirekebishia mambo yenyewe. Kwa mfano, inakuta hifadhi haina kumbukumbu za nani ameingia, inawasha kumbukumbu hizo. Hii inahitaji utambulisho wake na ruhusa zake, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Ukiiandika kwa msimbo na kusahau kuipa ruhusa, itakaa pale ikiona makosa bila kuweza kuyagusa, kama askari asiye na rungu. Nimewahi kuona ripoti ya namna hiyo ikiwa imejaa alama nyekundu miezi na miezi, kila mtu akidhani "mfumo unashughulikia".

Kwa Amazon, yaani AWS, utaratibu ni tofauti kidogo. Huko kila ombi limekataliwa mpaka kuwe na kitu kinacholikubali. Ukipewa ruhusa, limekubaliwa. Lakini kama mahali popote katika maandishi yanayokuhusu pana katazo la wazi, katazo hilo linashinda ruhusa zote, hata zikiwa mia. Na juu ya akaunti za shirika zima kuna sera za udhibiti ambazo hazimpi mtu yeyote ruhusa yoyote. Kazi yake ni kuchora mpaka. Unachoweza kufanya ni kile tu ambacho umeruhusiwa NA ambacho kiko ndani ya mpaka. Hata yule mtumiaji mkuu kabisa, mwenye akaunti mwenyewe, anafungwa na mpaka huo. Anayeponyoka ni aliye katika akaunti ya juu inayosimamia shirika lote, maana hiyo haiguswi na sera hizi. Ndiyo maana wanaojua kazi hawaweki mfumo wowote katika akaunti ile.

Google nao wana yao: ruhusa upande mmoja, na upande mwingine sera za shirika zinazoweza kusema, kwa mfano, data iwekwe katika maeneo haya tu. Majina yanabadilika, wazo ni lile lile.

Sasa nikusimulie niliyoahidi, yale ya aibu.

Oktoba 2023 nilikuwa nikisimamia mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai. Sitakitaja. Oktoba huku kwetu ndio mwezi wa bonasi. Asiyetoka maeneo ya chai hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Karo ya Januari, mabati, ng'ombe wa maziwa, deni la dukani, vyote vimesubiri bonasi. Pesa zikiingia katika chama, mwanachama hutumiwa ujumbe wa simu: umepokea kiasi fulani, mkopo umekatwa kiasi fulani, kilichobaki ni hiki. Usipotuma ujumbe huo, asubuhi yake ofisi inajaa watu hadi barabarani.

Mfumo wetu ulikuwa katika wingu, data yote Afrika Kusini. Wiki moja kabla ya bonasi, mtaalamu tuliyemwajiri kutusaidia kutimiza sheria aliwasha sera moja nzuri sana: hakuna kitu chochote cha chama kitakachofanyika nje ya kanda ile ya Afrika Kusini. Tulikuwa tumewaandikia wanachama kwamba taarifa zao ziko mahali pamoja panapojulikana, kwa hiyo sera ilikuwa inatimiza ahadi yetu. Sote tulikubaliana. Kile ambacho hakuna aliyekumbuka, mimi nikiwa wa kwanza, ni kwamba huduma ya kutuma ujumbe tuliyokuwa tukiitumia tangu mwanzo ilikuwa imesajiliwa katika kanda ya Ulaya.

Usiku wa bonasi, saa tano, programu ikaanza kutuma. Ujumbe wa kwanza ukakataliwa. Wa pili ukakataliwa. Nikafungua kumbukumbu nikasoma maneno mawili ya mwanzo: ombi limekataliwa. Nikasema, ah, ni ruhusa. Nikaongeza ruhusa ya kutuma ujumbe katika wasifu wa programu ile. Ikakataa. Nikaongeza ruhusa zote za huduma ile. Ikakataa. Saa saba usiku, meneja akipiga simu kila dakika kumi, nikaipa programu mamlaka ya msimamizi mkuu, iweze kufanya lolote katika akaunti nzima. Ikakataa vile vile.

Msomaji, unaona nilichokuwa nikifanya? Karani alikuwa na kitambulisho halali, lakini gunia ndilo lililokuwa na kasoro. Mimi nikawa nampandisha karani cheo: karani mkuu, meneja, mkurugenzi. Gunia likabaki lile lile. Kama ningesoma mstari ule wa kosa hadi mwisho ningeona umeandikwa wazi kwamba kilichokataza ni sera ya shirika. Lakini saa saba ya usiku mtu hasomi, anabofya.

Saa nane nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia usiku hugeuka kitandani. Nilichukua faili ya wanachama, yenye majina, namba za vitambulisho, namba za simu, kiasi cha bonasi na salio la mkopo, nikaipeleka katika akaunti yangu binafsi ya wingu, nje kabisa ya shirika, ambako sera ile haikufika. Nikatuma ujumbe kutoka huko. Saa kumi alfajiri simu zikaanza kulia vijijini. Asubuhi meneja alininunulia chai na mandazi akaniita shujaa.

Faili sikuifuta. Nilisahau. Na ile hifadhi niliyoiweka, ndoo kama wanavyoziita, nilikuwa nimeifungua nikiwa chuoni kwa ajili ya picha za mradi, nikaiacha wazi kwa dunia nzima ili wenzangu wazione. Leo ukifungua ndoo mpya kwa AWS inakuja ikiwa imefungwa, tangu Aprili 2023. Yangu ilikuwa ya kabla ya hapo, na mabadiliko hayo hayakugusa za zamani.

Machi mwaka uliofuata, mzee mmoja alikuja ofisini akiwa amevua kofia. Alisema amepigiwa simu na watu wa mikopo ya haraka wasiomjua, na wanajua alipata bonasi kiasi gani hadi shilingi ya mwisho. Alituuliza, kwa upole kabisa, "Vijana, ni ninyi mliwaambia?" Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili. Sina ushahidi kwamba walitoa habari hiyo katika faili yangu. Sina ushahidi pia kwamba hawakutoa humo, kwa sababu ndoo ile sikuwa nimeiwashia kumbukumbu za nani ameingia. Hebu fikiria jibu la namna hiyo mbele ya mzee wa umri wa babu yako.

Niliwaeleza viongozi siku hiyo hiyo. Kikao kilibishana saa tatu kama tutoe taarifa au la. Tulitoa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinampa mwenye data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kwamba data imeangukia mikono isiyofaa na kwamba kuna hatari ya kweli ya madhara. Na tulipokuwa tukikusanya maelezo, ndipo tukagundua kosa la pili: programu yetu ya kutuma ujumbe bado ilikuwa na mamlaka ya msimamizi mkuu niliyoipa saa saba ile usiku. Miezi mitano. Haikuwahi kuyahitaji hata dakika moja, wala hayakusaidia kitu, lakini yalikuwa pale. Angeingia mtu kupitia programu ile, angebeba chama kizima.

Na katika ukuta wa ofisi hiyo, juu ya meza ya meneja, kulikuwa na cheti chetu cha kusajiliwa katika Ofisi ya Kamishna wa Data, ndani ya fremu nzuri ya dhahabu.

Hapo ndipo maoni yangu yanapoanzia. Nchini Kenya tumeanza kudhani kwamba kutimiza sheria ni kupata cheti. Kanuni za usajili zilianza kutumika Julai 14, 2022, na tangu hapo kumezuka biashara nzima ya kuwaandikia watu sera za kurasa arobaini. Unalipa, unapewa kitabu, unasaini, unatundika cheti. Kitabu kinasema "ni wafanyakazi wanaohusika tu watakaofikia data". Ukienda katika wingu lenyewe unakuta watu tisa wana mamlaka ya msimamizi mkuu, mmoja wao aliacha kazi mwaka juzi. Kitabu na mfumo havijawahi kukutana. Sera ambayo haimo ndani ya mfumo ni dua. Dua ni njema, lakini haimzuii mwizi mlangoni.

Sheria yenyewe haisemi tuandike vitabu. Kifungu cha 41 kinataka ulinzi wa data uwe katika muundo wa mfumo tangu mwanzo, na kwamba kwa kawaida ichakatwe ile data tu inayohitajika kwa kazi iliyotajwa. Ukitafsiri hilo kwa lugha ya msanidi programu, ni ruhusa finyu na sera zinazotekelezwa na mashine. Aliyeandika kifungu hicho na aliyetengeneza Azure Policy wanasema kitu kimoja kwa lugha mbili.

Tazama pia adhabu ambazo Kamishna Immaculate Kassait alizitangaza Septemba 2023. Shule ya Roma ya Uthiru, shilingi 4,550,000, kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera, sehemu ya burudani Nairobi, shilingi 1,850,000, kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, kwa kutumia namba za watu walizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Katika hizo tatu hakuna hata moja iliyohusu wadukuzi. Hakuna aliyevunja nywila. Ni watu wa ndani waliokuwa na uwezo wa kufanya jambo, na hapakuwa na kitu cha kuwaambia "unaweza, lakini hapana". Hilo pengo kati ya kuweza na kupaswa ndilo sera inalokaa.

Usidhani ni shida ya watu maskini wa Afrika. Benki ya Capital One ya Marekani ilikuwa mfano wa kuigwa katika mambo haya. Wao ndio walioandika Cloud Custodian, programu huria ya kutekeleza sera za wingu kwa msimbo, ambayo inatumika duniani kote. Mwaka 2019 mtu mmoja aliingia kupitia kizuizi cha tovuti kilichopangwa vibaya, akachukua wasifu wa kizuizi hicho, na wasifu huo ukawa na ruhusa ya kuorodhesha na kusoma ndoo za data. Taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada zikachukuliwa. Na data ilikuwa imesimbwa kwa siri! Mkaguzi angeuliza "imesimbwa?" angejibiwa ndiyo, na angeweka alama ya vyema. Lakini kwa kuingia kwa njia ile, mwizi aliweza pia kuisimbua. Agosti 2020 wasimamizi wa benki wa Marekani waliipiga Capital One faini ya dola milioni 80.

Kwa hiyo sera bila ruhusa finyu haitoshi, kama ilivyowapata Capital One. Na ruhusa bila sera haitoshi, kama ilivyozipata zile kampuni tatu. Na vyote viwili vikiwepo bila binadamu kuvielewa, unapata kijana wa Kapsoit saa nane usiku na faili mkononi.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia sana siku hizi: data irudi nyumbani, iwekwe Kenya, tutakuwa salama. Kanuni za jumla za mwaka 2021 zinataka data ya mambo fulani yenye maslahi ya taifa, kama usajili wa raia, uchaguzi, fedha za umma, elimu ya msingi na huduma za afya, ichakatwe katika seva zilizo nchini au angalau nakala moja inayotumika iwe hapa. Sina ugomvi na hilo. Zipo sababu nzuri, na mahakama zetu haziwezi kufunga safari kwenda kukagua jumba la mtu ng'ambo. Ila mahali ilipo data ni swali moja tu kati ya mengi, na ndilo rahisi kuliko yote, maana ni sera ya mstari mmoja. Data iliyo Nairobi ikiwa na wasimamizi wakuu tisa ni hatari kuliko data iliyo Cape Town yenye wawili wanaojulikana. Tukimaliza nguvu zote kubishana kuhusu mahali, tutajenga boma zuri na kuacha lango wazi.

Wenzangu wasanidi programu watasema, "Bwana, sera hizi zinatuchelewesha. Wewe mwenyewe zilikukwamisha usiku wa bonasi." Ni kweli. Na naomba nikiri kwamba sera ile iliwashwa vibaya. Ingefaa iwashwe kwanza katika hali ya kutazama tu, iandike nani angekataliwa bila kumkataa. Azure wana hali hiyo. Kwa AWS unaweza kuijaribu sera katika kikundi kidogo cha akaunti na kusoma kumbukumbu za wiki chache zilizopita uone nani anatumia kanda gani. Tungefanya hivyo siku tatu tu, tungeiona ile huduma ya Ulaya ikijitokeza. Sera inayowashwa bila majaribio inawafundisha watu kuikwepa, na mtu akishaikwepa mara moja na kuitwa shujaa, ataikwepa tena.

Lakini jibu la kucheleweshwa si kugawa ruhusa kila anapolia mtu. Waswahili walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimeona viongozi wa mifumo wakitoa mamlaka ya msimamizi mkuu kwa sababu tu fulani amelalamika mara tatu kwenye simu. Mtu akikulilia, kwanza muulize: kilichokukataza ni ruhusa au ni sera? Kama ni ruhusa, mpe ile moja anayohitaji. Kama ni sera, ruhusa hazitamsaidia, kwa hiyo usimpe hata moja. Jadili sera.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha: msamaha. Kila sera ya kweli itahitaji msamaha siku moja. Usiku ule tulihitaji msamaha wa saa sita kwa huduma moja, basi. Hapakuwa na njia ya kuuomba wala mtu wa kuutoa, maana aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha sera alikuwa yule mtaalamu, naye alikuwa amelala Nairobi na simu imezimwa. Azure wameliweka hili vizuri: msamaha unaandikwa, unapewa sababu, na unaweza kuwekewa tarehe ya kuisha. Ikifika tarehe, haufanyi kazi tena. Hata kama wingu lako halina kitu hicho, daftari linatosha. Andika nani ameomba, nani amekubali, kwa nini, na mwisho lini. Chama kisicho na mlango wa msamaha kitatobolewa dirishani.

Mwisho, nani anaweza kubadilisha sera? Hapa ruhusa na sera zinakutana kwa mara nyingine, maana kuandika sera nako kunahitaji ruhusa. Kama msanidi yule yule anayefungwa na sera ndiye anayeweza kuizima, hiyo si sera, ni ukumbusho. Katika chama chenye mtaalamu mmoja tu wa kompyuta, jambo hili ni gumu, najua. Tulichofanya sisi baadaye ni hiki: ufunguo wa akaunti ya juu unashikwa na mweka hazina, ambaye hajui hata kufungua programu yangu, na kifaa cha kuthibitisha kiko katika sefu ya ofisi. Mimi naweza kuandika sera mpya lakini siwezi kuiwasha bila yeye kuja. Ananiuliza, "Hii inafanya nini?" na nalazimika kumweleza kwa Kiswahili cha kawaida, na mara nyingine kwa Kikipsigis. Mara mbili nimeshindwa kumweleza, na mara zote mbili ikaonekana sera yenyewe nilikuwa nimeiandika vibaya.

Yule mzee bado ni mwanachama. Tulikutana sokoni mwezi uliopita, akanisalimu kama kawaida na kuniuliza kama bonasi ya mwaka huu itakuwa nzuri. Hakuuliza lile jambo tena. Nilimwambia sijui kuhusu bonasi, lakini ujumbe wake utatumwa kutoka mahali panapofaa, na kama utachelewa, atajua ni kwa nini. Alicheka akasema kuchelewa kidogo si neno, chai yenyewe huchukua miaka mitatu kabla ya kuchumwa.

Wiki ijayo, umeme ukikubali, nitaandika jinsi ya kusoma ujumbe wa kukataliwa mstari kwa mstari, ili yasikupate yaliyonipata. Kwa sasa fungua wingu lako, hesabu wasimamizi wakuu ni wangapi, na ujiulize kila mmoja alipewa saa ngapi za usiku.